Akili Isipotulia: Jinsi Ushauri Nasaha Unavyoweza Kutusaidia



Wengi wetu tunaifahamu hali hii. Sala ya usiku imekwisha, taa zimezimwa, lakini kichwa bado kinafanya kazi: mtihani wa kesho, ada ya mdogo wetu, neno tulilomjibu mwenzetu mezani, na swali la kama kweli tumeitwa. Kufikiri si dhambi wala si ugonjwa. Shida huanza pale mawazo yanapozunguka bila kufikia uamuzi, yakatunyima usingizi, hamu ya chakula na utulivu wa sala.

Mara nyingi tunajaribu kuyafukuza kwa nguvu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia akilini. Kengele ziliendelea kulia. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo linalokandamizwa hurudi.

Hata watakatifu walipita hapo. Mwaka 1522, akiwa Manresa nchini Hispania, Mtakatifu Inyasi wa Loyola alisumbuliwa na wasiwasi wa dhamiri. Alikuwa ameungama dhambi zake zote kwa maandishi, lakini alizidi kuhisi kuna alichokisahau. Aliungama tena na tena, akafunga, akasali saa nyingi, hata akafikia kushawishika kujiua. Hakuwa mtu asiye na imani. Lakini hakuyaficha mateso yake. Alimweleza muungamishi wake, aliyemwamuru aache mfungo ule. Mwishowe aliamua kutoziungama tena dhambi za zamani, na wasiwasi ukamtoka. Katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anafundisha kwamba adui hupenda hila zake zibaki siri, na hushindwa zinapofunuliwa kwa muungamishi mwema au mtu mwingine wa kiroho anayezifahamu.

Ushauri nasaha nao huanza kwa kulitoa nje lililofichika. Mshauri hatuhubirii. Anasikiliza, anauliza, na anatusaidia kutenganisha tukio na tafsiri tuliyolipa. Sisi wa falsafa tunalijua hilo kwa Epictetus, aliyefundisha kwamba kinachotusumbua ni hukumu zetu juu ya mambo, si mambo yenyewe. Katika miaka ya 1960, Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, alijenga tiba juu ya wazo linalofanana na hilo. “Mlezi hakuitikia salamu yangu” ni tukio. “Mlezi ameamua kunifukuza” ni tafsiri. Mshauri atauliza: ushahidi uko wapi? Je, huenda hakusikia? Anaweza pia kutushauri tuandike hofu zetu na kuzitengea muda maalumu mchana, ili zisitufuate kitandani.

Je, kitubio na malezi ya kiroho havitoshi? Kila kimoja kina kazi yake. Kitubio huondoa dhambi. Mlezi wa kiroho hutusaidia kuisikiliza sauti ya Mungu. Mshauri nasaha hushughulikia mawazo na hisia. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Pastores Dabo Vobis ya mwaka 1992, aliyaita majiundo ya kiutu msingi wa majiundo yote ya kipadre.

Hofu yetu kubwa ni kwamba tukisema tutaonekana hatufai kwa wito. Basi tumuulize mshauri tangu kikao cha kwanza ni yapi yatabaki siri na ni yapi hayawezi kubaki siri, kama vile maisha yanapokuwa hatarini. Padre atakayesikiliza wasiwasi wa waamini anahitaji kwanza kujua namna ya kusaidiwa na wake mwenyewe.

Kwa waamini parokiani, mwanzo mzuri ni kuzungumza na paroko au kwenda kituo cha afya na kuomba kuelekezwa kwa mshauri. Mawazo ya kujiua yakija, tusisubiri miadi: twende hospitali mara moja, na mwenzetu asiachwe peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.