Asiransi ya moto na gari: RC inamlipa nani?

Asubuhi, barabara ya Kalundu inakuwa nyembamba kwa kila mtu. Kamiyo zinatoka bandarini na mizigo, mamotari wanakimbiza wateja, wamama wako na mabeseni ya ndagala kichwani, wanafunzi wanatembea pembeni kabisa sababu njia ya miguu hakuna. Ajali ikitokea hapo, watu wanajaa haraka. Swali la kwanza ni: "Amekufa?" La pili: "Moto ni ya nani?" Kuko swali la tatu ambalo wachache tu wanauliza: "Hii moto iko na asiransi? Ya kompanyi gani? Namba gani?"

Swali hilo la tatu ndilo linaweza kulipa hospitali. Tunaliacha kwa sababu wengi wetu tunajua asiransi kama karatasi ya polisi. Mtu anainunua ili asisumbuliwe kwenye bariere, anaifunga mu plastiki, anaiweka chini ya kiti, anaisahau. Siku ya ajali, mwenye moto anashangaa kwamba hakuna mtu anayemtengenezea moto yake. Naye aliyegongwa hajui kwamba ile karatasi chini ya kiti iliandikwa kwa ajili yake.

RC maana yake nini?

Angalia karatasi yako. Kwa mamotari wengi na wenye gari wengi, utaona maneno ya Kifaransa "Responsabilité Civile", ama kwa kifupi RC. Kwa lugha yetu: ni deni unalopata wakati unamharibia mwenzako.

Sheria ya Kongo inasema wazi kwamba mtu akimletea mwingine hasara kwa kosa lake, ni lazima airudishe ile hasara. Hiyo ni kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha Code civil, na iko tangu zamani za wakoloni. Ukimvunja mtu mguu, uko na deni ya mguu wake: dawa, operesheni, na siku ambazo hakufanya kazi. Asiransi ya RC inachukua ile deni kutoka mabegani mwako na kuilipa kwa nafasi yako, kufuatana na mipaka iliyoandikwa mu mkataba.

Kwa hiyo RC iko na watu watatu. Wa kwanza ni wewe uliyenunua. Wa pili ni kompanyi. Wa tatu ni yule ambaye humjui bado: mama wa ndagala, mwanafunzi, mwenye kioski, mwenye gari lingine. Huyu wa tatu ndiye anapokea malipo.

Tuweke mfano mmoja

Motari anabeba mteja kutoka soko ya Mulongwe kwenda Kalundu. Anapita kamiyo kwa nguvu, anamgonga mama mwenye beseni, kisha moto inaingia mu kioski. Mama anavunjika mguu na ndagala zote zinamwagika. Mteja wa nyuma anaumia mkono. Motari mwenyewe anapasuka kichwa. Moto inapinda mbele. Ukuta wa kioski unaanguka. Kosa ni la motari, na moto iko na RC peke yake. Nani analipwa?

Mama analipwa: matunzo ya mguu, kazi aliyopoteza, na beseni lake. Mwenye kioski analipwa: ukuta na vitu vilivyovunjika. Mteja wa nyuma naye anahesabiwa kama mtu wa tatu, sababu si yeye aliyekuwa anaendesha. Lakini hapa angalia vizuri, tutarudia hilo hapa chini.

Motari hapati kitu kwa kichwa chake. Yeye ndiye mwenye deni, na mtu hawezi kujidai deni mwenyewe. Mwenye moto hapati kitu kwa moto iliyopinda. Hapo ndipo watu wanasema: "Asiransi ni bure, wanakula tu makuta yetu." Si bure. Mlinunua kitu kimoja mkitegemea kingine.

Kama unataka kichwa cha motari kilipwe, omba asiransi ya shofere mwenyewe, inayoitwa mara nyingi "individuelle accident". Kama unataka gari lako lenyewe litengenezwe hata kama kosa ni lako, hiyo ni "tous risques". Bei yake iko juu, na kwa moto ya taxi si rahisi kuipata. RC ndiyo sheria inalazimisha. Zingine ni mapenzi yako.

Kwa nini serikali inalazimisha?

Watu wa bonde la Ruzizi hawajasahau Sange. Tarehe 2 Julai 2010, kamiyo ya mafuta ilipinduka pale, kwenye barabara ya RN5. Watu walikaribia kuchota mafuta, wengine walikuwa mu nyumba wanaangalia mechi ya Kombe la Dunia. Moto uliwaka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Gari moja, usiku mmoja.

Hakuna mwenye kamiyo anayeweza kutoa mu mfuko wake malipo ya wafu wengi hivyo. Na bila kwenda mbali mpaka Sange: motari anayerudishia mwenye moto makuta kila jioni, ni wapi atatoa dola 800 za operesheni ya mguu mmoja? Hana. Ukimfunga, mguu haulipwi. Ndiyo maana nchi nyingi zinalazimisha kila gari liwe na RC: ili aliyeumizwa asitegemee umaskini wa aliyemuumiza.

Kwetu, sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 ndiyo iliweka lazima hii kwa kila chombo chenye injini. Moto imo. Kwa miaka mingi ilikuwa SONAS peke yake, kompanyi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1966. Kisha sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, inayoitwa Code des assurances, ikafungua mlango kwa kompanyi za watu binafsi. Leo kuko nyingi, na kuko ofisi ya serikali inayozisimamia: ARCA, yenye kikao Kinshasa. Kompanyi isiyo na ruhusa ya ARCA haiwezi kukuuzia asiransi.

Moto si yangu, naendesha tu. Deni ni ya nani?

Hapa Uvira mamotari wengi hawana moto yao. Mwenye moto anakaa nyumbani, ama yuko Bukavu. Ajali ikitokea anasema: "Mimi sikuwepo, mkamate yule aliyeendesha."

Sheria haimwachi kwa urahisi hivyo. Kifungu cha 260 cha kitabu kile kile kinasema mtu anajibia si makosa yake tu, anajibia pia ya wale anaowatuma kazi, wakiwa mu kazi ile, na ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo aliyeumizwa anaweza kumtafuta motari na bwana wa moto pamoja. Wewe mama uliyemnunulia kijana moto kwa makuta ya likelemba, jua hilo: bila RC, nyumba yako iko hatarini kwa kosa la mtu mwingine.

Fasi ambapo kompanyi inaweza kukataa

Mkataba wa RC iko na mipaka, na mingi inajulikana tu siku ya shida. Uliza hizi tano kabla ya kulipa:

1. Kazi ya chombo. Moto iliyoandikishwa kama ya mtu binafsi, lakini kila siku inabeba wateja, inaleta mabishano. Mteja wa nyuma ndiye anaumia zaidi. Kama ni taxi, karatasi iseme taxi.

2. Hesabu ya watu. Karatasi ikisema nafasi mbili, na mlikuwa wanne juu ya moto, usishangae kompanyi ikibisha.

3. Permi. Shofere asiye na permi, ama mlevi, anaipa kompanyi sababu ya kukataa, ama ya kulipa aliyeumizwa kisha kumgeukia mwenye chombo arudishe.

4. Familia. Mikataba mingine inatoa nje bibi, bwana na watoto wa mwenye chombo. Uliza wazi: "Nikimbeba mtoto wangu, je?"

5. Tarehe. Asiransi iliyoisha jana ni sawa na kukosa. Kompanyi haitazami kama ulikuwa karibu kuilipia tena.

Na jambo moja ambalo hakuna RC inalipa: faini na kifungo. Kuumiza mtu kwa uzembe ni kosa mbele ya tribinali. Asiransi inalipa mwenye kuumia, haimtoi mtu mu kasho.

Na kwenye mpaka?

Wengi wanavuka Kavimvira kwenda Gatumba na Bujumbura na gari zao. RC ya Kongo inaishia kwenye bariere. Ng'ambo unahitaji karata ya njano ya COMESA, ambayo inaombwa kwa kompanyi yako kabla ya safari. Inakubalika Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya, Zambia, na hata Tanzania ambayo haimo mu COMESA. Vilevile, gari la Burundi ama kamiyo ya Tanzania ikikugonga hapa, usiseme "ni wageni, wataenda". Omba kuona karata ya njano na uandike namba yake.

Ajali imetokea. Ufanye nini?

Kwanza, mgonjwa apelekwe hospitali. Karatasi zinaweza kungoja saa moja, damu haingoji.

Kisha, aliyebaki pale achukue simu apige picha: plaki, karatasi ya asiransi, fasi moto iliangukia, alama za barabarani. Karatasi ya asiransi iko na jina la kompanyi, namba ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Bila hizo hutajua mlango wa kubisha.

Polisi wa barabarani waje wapime na kuandika PV. Bila PV, kompanyi itasema hakuna ajali. Chunga pia kila karatasi ya hospitali: fishi, ordonansi, fakture, hata ya dawa ya franka 2.000. Omba mganga aandike sertifika ikisema umeumia wapi na utakaa siku ngapi bila kazi.

Mwenye chombo aende kwenye kompanyi mara moja. Muda wa kutangaza ajali ni siku chache tu, umeandikwa mu mkataba. Wengine wanajificha wakifikiri asiransi itapanda bei; wanapoteza yote.

Aliyeumizwa hana lazima ya kungojea motari. Anaweza kuandikia kompanyi yenyewe, akiweka kopi za karatasi zote na kubakiza za kweli nyumbani. Barua ipokelewe kwa kashe na tarehe. Kompanyi ikinyamaza, kuko ARCA ya kupelekea malalamiko, na kuko tribinali.

Chunga masikilizano ya haraka

Mara nyingi mambo yanaishia pembeni ya barabara, ama mu ofisi ya polisi. Familia mbili zinakaa, wazee wanaongea, motari anatoa dola 100, watu wanasalimiana. Kusikilizana si kubaya. Ni desturi yetu, na inazuia watu kuchoma moto za wengine. Shida ni ile karatasi wanayokusainisha, inayosema kwamba umelipwa na hautadai tena.

Mguu uliovunjika haujulikani bei yake siku ya kwanza. Baada ya wiki tatu mganga anaweza kusema inafaa vyuma, Bukavu. Dola 100 zimeisha kwa dawa na chakula cha mgonjwa, na karatasi uliyosaini iko mikononi mwa kompanyi. Pokea msaada wa motari kama msaada, na muandike hivyo hivyo: "msaada wa kwanza wa matunzo". Usisaini kwamba yameisha wakati mgonjwa hajapona.

Na wewe motari, baba ama mama mwenye moto: leo jioni toa ile karatasi chini ya kiti. Soma plaki kama ni yako, namba ya shasi kama inafanana na ya kwenye moto, kazi kama imeandikwa taxi, na tarehe ya kuisha. Moja ikikosea, rudi ulikoinunua kesho asubuhi, kabla ya kumbeba mteja wa kwanza.