Lugha kama Kigezo cha Ubora wa Programu za Taasisi: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

Msafiri atokaye Karatu kwenda Ngorongoro hupita lango la Loduare. Hapo neno *ingia* halina utata: ni kuvuka lango. Katika kompyuta ya ofisi, neno hilohilo humtaka mtumishi ajitambulishe kwa nywila. Vivyo hivyo *hifadhi*: kwa mtumishi huyo ni eneo lililoanzishwa kisheria mwaka 1959, ilhali katika menyu ya programu ni amri ya kutunza kazi iliyofanyika. Kitufe cha “Ingia” katika mfumo wa vibali chaweza kusomwa kuwa ni cha kumwingiza mgeni.

Toleo la Kiswahili la Jambo OpenOffice, lililotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilithibitisha kwamba Kiswahili kinamudu istilahi za kompyuta. Hata hivyo, programu ya kuandikia barua hutumiwa na yeyote. Programu ya taasisi huingia mahali ambapo maneno tayari yana wenyewe. Eric Evans, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu usanifu wa programu, alisisitiza kwamba waundaji na watendaji washiriki lugha moja, na maneno yayo hayo yatumike hadi ndani ya msimbo. Evans hakuwa akizungumzia Kiswahili, lakini hoja yake inakigusa kwa uzito zaidi.

Katika Kiingereza, nomino nyingi zaweza kupachikwa mbele ya kitenzi kilekile. Kiswahili hakikubali: *mgeni ameingia, gari limeingia, kibali kimeingia*, na katika wingi *wageni wameingia, magari yameingia, vibali vimeingia*. Kiolezo kimoja chenye “imeingia” huzaa “mgeni imeingia”, kosa ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi angesahihishwa. Ama kila ujumbe uandikwe kama sentensi kamili, ama ngeli ya nomino itunzwe katika kanzidata. Mfasiri anayeletwa mwishoni hawezi kuliponya jambo hili. Saa nazo zina mtego wake: zamu ya saa 2 usiku ni 20:00, wala si 02:00.

Tatizo zito zaidi ni la majina ya watu. Eneo hili lina Kiiraqw, ambacho ni Kikushi. Kimaasai na Kidatooga, ambazo ni za Kiniloti. Na, kandokando ya Ziwa Eyasi, Kihadza chenye vidoko. Maandishi ya Kiiraqw hutumia mkwaju (/) kama herufi ya kikwamizo ghuna kitamkwacho kooni. Programu nyingi huuchukulia mkwaju kuwa kitenganishi cha tarehe au cha majalada, na huukataa katika nafasi ya jina. Karani huidondosha herufi ili fomu ipite. Karani mwingine, kwingineko, huandika jina lilelile kwa tahajia ya Kiswahili. Mtu mmoja huweza hivyo kuwa watu wawili, na faili la matibabu yake lisikutane kamwe na kadi yake ya bima. Karani hana hatia; kosa lilifanyika siku mbunifu alipoamua, bila kumuuliza mzungumzaji yeyote, ni alama zipi zinazostahili kuitwa herufi.