Pesa za Maskati, duka la Guangzhou, na majani ya ng'ombe Shinyanga

GUANGZHOU – Tianxiu Dasha wengi wenu mnaijua kwa nguo, simu, nywele bandia na vipuri vya gari. Ni jengo lililopo barabara ya Huanshi Dong, mtaa wa Xiaobei, na ukitoka kituo cha metro unatembea dakika chache tu umefika. Chini ni maduka madogo madogo yaliyobanana, juu ni ofisi na vyumba vya kuishi. Ndani ya lifti moja utasikia Kiarabu, Kifaransa, Kihausa na Kiswahili. Kazi yangu hapa ni kuwatafutia watu bidhaa: nawapeleka viwandani, nawatafsiria, nakagua mzigo na kuhakikisha umeingia kwenye kontena.

Sasa kuna ombi jipya linalonijia. Watu wanataka vifaa vya kuzuia moto wa nyika usiteketeze malisho ya ng'ombe. Anayekuja kununua anatoka bara, lakini anayelipa mara nyingi yuko Maskati, Dubai au Al Ain.

Si jambo la ajabu. Familia nyingi zetu za Ghuba zimetokea Tabora, Nzega na Shinyanga. Waliohama wamehama, lakini ng'ombe wamebaki kwa kaka au kwa binamu, na kila mwaka mtu anauliza mifugo imefikia wangapi. Ng'ombe hao ndio ada ya mtoto, ndio mahari, ndio matibabu ya bibi. Wakikosa majani, simu ya kwanza inapigwa Ghuba.

Ukame na moto ni ndugu

Wengi tunafikiri ukame unaua kwa kiu na njaa tu. Kenya imetuonyesha njaa hiyo kwa macho. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu 5 ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa katika kaunti kame. Lakini kabla majani hayajaisha, kuna kipindi ambapo yapo ila yamekauka kabisa. Hapo ndipo moto unapopata chakula chake.

Hatari kubwa hasa ni pale mwaka wa mvua nzuri unapofuatwa na mwaka mkavu. Mvua inaotesha majani marefu, watu wanafurahi, halafu jua linayageuza kuni. Cheche moja inatosha: mrina asali aliyeacha moshi wake, mchoma mkaa, sigara, au mfugaji jirani aliyechoma ili apate majani mabichi kisha upepo ukageuka.

Wala si Afrika peke yake. Tarehe 26 Februari 2024 moto uliwaka kaskazini mwa Texas, Marekani, ukala zaidi ya ekari milioni 1 na kuua ng'ombe zaidi ya 7,000. Wale wana ndege, magari ya zimamoto na barabara za lami, na bado waliokota mizoga kwa matrekta. Hata kwetu Oman, aliyewahi kwenda Salalah anajua: mvua ya khareef ikimalizika Septemba, milima ya Dhofar ni kijani kibichi, ng'ombe wanakula. Rudi baada ya miezi michache, majani yale yale ni manjano na yanavunjika mkononi.

Ngitili, yaani hima

Mwezi wa nne, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, alinijia mzee mmoja kutoka mkoa wa Shinyanga. Jina lake nitaliacha, mimi namwita ami. Binamu zake wawili, mmoja Maskati na mmoja Al Ain, walichanga pesa wakamwambia aende China akanunue pampu kubwa ya zimamoto. Ile nyekundu, ya kukokotwa na trekta, na mpira mrefu.

Kabla ya kwenda dukani nilimtaka anieleze anachokilinda. Akasema, "Mwanangu, nalinda ngitili."

Kwa wasioijua, ngitili ni desturi ya Wasukuma. Mvua zikianza, sehemu ya malisho inafungwa, haiingii ng'ombe hata mmoja. Majani yanakua, yanakomaa, yanasimama palepale kama akiba. Kiangazi kikikolea, na mabua ya mashambani yameliwa yakaisha, ndipo ngitili inafunguliwa, kipande baada ya kipande. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania kwa jinsi miti na majani yalivyokwisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, uliirudisha desturi hii, na ngitili zilizokuwa hekta mia chache tu zikafika zaidi ya hekta 300,000.

Msomaji wa Kiarabu hapa atasema, hii si hima? Ndiyo, ni jambo lile lile. Bara Arabu imekuwa na hima tangu zamani, malisho yanayofungwa ili yapumzike, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliitenga Naqii kwa ajili ya farasi. Wamasai nao wana olopololi yao kwa ajili ya ndama. Wafugaji wa nchi mbalimbali wameifikia akili moja.

Tatizo ni kwamba ngitili nzuri ndiyo inayowaka vizuri zaidi. Majani marefu, makavu, hayajaguswa. Ami aliniambia moto ukiingia alasiri yenye upepo, akiba ya miezi mitatu inaondoka kabla ya magharibi. Baada ya hapo hana la kufanya ila kuuza ng'ombe, na anawauza wakati kila mtu anauza, wamekonda, bei imeanguka. "Mwaka huu nina mitamba," akasema, "nikiwauza hao nimeuza na ndama wa miaka kumi."

Maji utayatoa wapi?

Tulikwenda kuiona pampu. Ni mashine kweli, inarusha maji mbali. Ami aliizunguka, akaishika, akaniambia nimuulize mwenye duka inakunywa maji kiasi gani kwa dakika moja. Alipotajiwa lita, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lambo langu Septemba ni tope. Maji yenyewe nitayatoa wapi?"

Mjadala ukahamia kwenye simu. Binamu wa Maskati hakukubali kirahisi. Alituma ujumbe wa sauti, kisha wa pili: pesa imechangwa kwa ajili ya pampu, watu wa ukoo wameambiwa pampu, sasa itakuwaje? Mimi si wa kuingia mambo ya ukoo, lakini nilimweleza nilichokielewa. Moto wa nyika hauzimwi kwa maji mengi. Unazuiwa kabla haujafika, na ukifika unapigwa pembeni na watu wengi wenye vifaa vyepesi.

Kinga ya kwanza ni mkanda wa ardhi tupu kuzunguka ngitili, upana wa mita 5 hadi 10, uliolimwa kwa trekta au kufyekwa kwa mikono. Njia nyingine ni kusafisha mistari miwili, kisha kuchoma majani yaliyo katikati yake mapema, mwezi wa tano au wa sita, wakati bado yana unyevu. Hufanywa asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, kwa idhini ya serikali ya kijiji, na majirani wakiwa wamearifiwa. Anayechoma Septemba bila kuambia mtu hafanyi kinga, anawasha moto tu.

Kwa hiyo tulichonunua ni hiki: mabomba ya mgongoni ya lita 20, yale yale ya kupulizia dawa mashambani, ya kupampu kwa mkono, hayataki petroli. Mashine mbili za kupuliza majani, zinasafisha njia haraka. Glavu za ngozi, buti, miwani ya kuzuia moshi. Vipigio vya moto ami alivikataa. Alisema kipande cha tairi kuukuu ukikipigilia kwenye mti ni kipigio tosha, na tairi Shinyanga zimejaa. Redio za kuitana pia tuliziacha, manake zinataka kibali cha TCRA na hakuwa nacho.

Mabomba na pampu ndogo bei nzuri haipo Tianxiu. Hapa unaona sampuli. Viwanda vingi viko mkoa wa Zhejiang, upande wa Taizhou, na huko ndiko tulikoagiza. Na usisahau cheti cha ukaguzi kabla mzigo haujaondoka: Tanzania Bara wanataka cha TBS, Kenya cha KEBS. Bila hicho mzigo unafika bandarini halafu unaanza kulipia faini na ghala.

Pesa iliyobaki ikarudi kwa binamu? Hapana. Ami aliomba itumwe moja kwa moja nyumbani, siku hiyo hiyo, kulipia trekta na vijana wa kufyeka mkanda. Kontena linachukua zaidi ya mwezi baharini, halafu kuna Dar es Salaam, halafu lori hadi Shinyanga. Likifika ni mwisho wa Juni. Mkanda haungoji kontena.

Binamu wa Maskati alikaa siku moja kimya. Kisha akatuma risiti ya pesa aliyoituma, bila maneno mengine.

Moto ukifika

Nilimuuliza ami wanafanyaje siku yenyewe. Alisema kitu cha kwanza ni kufungua mazizi. Usimfunge ng'ombe, usimfungie ndani. Wapeleke mahali pasipo na majani: lambo lililokauka, shamba lililolimwa, au eneo lililokwisha ungua. Usiwapandishe mlimani, manake moto hukimbia zaidi unapopanda. Usiukimbie kwa kufuata upepo, toka kwa upande. Na wapigaji wasisimame mbele ya moto. Waanzie nyuma pale ulipokwisha pita, wabane pembeni hadi wakutane. Usiku upepo ukipoa ndipo kazi inafaa.

Baada ya moto, kagua kwato na chuchu. Ng'ombe jike aliyeungua kiwele hanyonyeshi, na ndama atakufa kwa njaa wakati mama yake yuko hai. Vichipukizi vya kwanza vinavyoota kwenye jivu visiliwe haraka. Mzizi umetumia akiba yake kuvitoa, ukivilisha mapema umeua malisho ya mwakani.

Kwa wanaotuma

Kuna jambo nataka kuwaambia ndugu zangu wa Ghuba, na nalisema kwa heshima. Pesa zetu nyingi zinafika Septemba na Oktoba, baada ya picha za majivu kuingia kwenye kundi la ukoo. Hapo tunanunua mashudu ya pamba na pumba kwa bei ya juu kuokoa ng'ombe waliobaki. Pesa hiyo hiyo, au nusu yake, ikitumwa Mei ingelipa mkanda, vijana wa zamu na chakula chao. Haina picha nzuri. Hakuna mashine nyekundu ya kuonyesha watu.

Ami aliondoka Guangzhou wiki ile ile. Mzigo wake tumeupakia, vyeti viko tayari, na juzi kijana wake amenitumia video ya trekta likilima ukingo wa ngitili upande wa mashariki. Upande wa magharibi, unaopakana na barabara, bado.

Ukipiga simu nyumbani Ijumaa hii, baada ya kuulizia afya za wazee na idadi ya ng'ombe, ulizia na mkanda: umelimwa pande ngapi, na nani analala zamu.