Mbwa Mkubwa Katika Ua Mdogo

Mtu apitaye jioni katika mitaa ya Buruburu au Umoja, mashariki ya Nairobi, husikia nyuma ya malango ya chuma sauti nzito ya mbwa ambaye babu zake hawakuzaliwa nchi hii. Huyo ni mbwa wa jamii ya mastifi, mwenye kichwa kipana na kifua kama pipa. Wengi wao huitwa Boerboel. Kama kila aitwaye hivyo ni Boerboel kweli, hilo ni jambo jingine.

Mbwa hao hawakutokea wenyewe. Huko Uingereza, katika karne ya 19, walinzi wa mashamba makubwa walisumbuliwa na wezi wa wanyama waliokuja usiku. Mastifi alikuwa na nguvu lakini mzito wa miguu. Buldogi wa siku zile alikuwa mwepesi, tena mkali mno. Waliwachanganya, wakapata mbwa wa kumwangusha mwizi na kumshikilia pasipo kumrarua. Bwana S. E. Moseley alishika kipimo cha sehemu 60 za mastifi na 40 za buldogi katika kila mia, na mwaka 1924 chama kikuu cha mbwa cha nchi hiyo kilimkubali bulmastifi kuwa aina kamili.

Boerboel alitoka katika mashamba ya Makaburu wa Afrika ya Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wachache waliona kuwa damu yake inapotea, wakasafiri maelfu ya kilomita shamba kwa shamba. Waliwakagua mbwa 250, wakaandikisha 72 tu katika kitabu cha nasaba. Waliosalia walirudi kulinda ng'ombe, bila jina.

Hesabu hiyo yamfaa karani awekaye akiba ya miezi mingi ili anunue mtoto wa mbwa. Mfugaji mwaminifu humwonyesha mnunuzi mama na hati za ukoo. Yule auzaye kando ya barabara, watoto wakiwa ndani ya boksi, hana la kuonyesha ila maneno. Mbwa chotara aweza kuwa mlinzi hodari, lakini si haki kumwuza kwa bei ya jina asilokuwa nalo.

Tena kuna habari ya nafasi. Nyumba za Kaloleni, za miaka ya 1940, zilizunguka viwanja vya wazi. Buruburu, iliyoanza miaka ya 1970, ina nyua ndogo zilizofungwa. Mbwa wa kilo 70 akifungwa mnyororo humo mchana kutwa huharibika tabia, na watoto wa jirani ndio waumizwao. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 yadai leseni, na chanjo ya kichaa cha mbwa haina budi.

Akiwa wa miezi miwili hulala ndani ya kikapu. Mwaka wa pili ukifika, hula kuliko mwenye nyumba.