Seva Kuwaka Si Taarifa Kurejea

Mama mjamzito wa Tlawi, wilayani Mbulu, anapopewa rufaa kwenda hospitali, taarifa zake zaweza kuwa mahali patatu: kwenye kadi yake ya kliniki, kwenye rejesta ya MTUHA na, penye mfumo wa kielektroniki, ndani ya seva. Umeme ukikatika ghafla, kadi na rejesta hubaki kama zilivyo. Seva yahitaji kujitibu.

Kanzidata huandika kila badiliko kwanza katika kumbukumbu ya miamala, kama muuguzi aandikavyo tukio kwenye kitabu cha ripoti kabla ya kulihamishia kwenye faili la mgonjwa. Seva iliyozimika ghafla inapowashwa, huisoma kumbukumbu hiyo na kuyarudia mabadiliko kwa mpangilio. Ndivyo ifanyavyo PostgreSQL, kanzidata inayotumiwa na DHIS2, mfumo unaopokea takwimu za MTUHA nchini.

Zoezi hilo hukwama iwapo diski imeharibika, au mtu amefuta mafaili ya kumbukumbu ili kupata nafasi. Hapo seva hukataa kuwaka. Kukataa huko ni kinga: kanzidata haiwezi tena kuthibitisha kwamba data zake ni kamili.

Foleni ikiwa ndefu, kishawishi ni kuifuta kumbukumbu ili seva iwake. Huenda ikawaka kweli, lakini baadhi ya miamala itakuwa imepotea na mingine kuingia nusu. Mzio wa penisilini ulioandikwa asubuhi waweza kutoweka, na huenda skrini isitoe onyo lolote.

Fundi aanze kwa kuizima seva na kunakili folda yote ya data, pamoja na kumbukumbu ya miamala, kwenye diski nyingine. Kisha arejeshe nakala rudufu ya mwisho kwenye mashine tofauti na kurudia kumbukumbu zilizohifadhiwa hadi pale zinapokatika. Saa ya muamala wa mwisho uliosalimika iandikwe na kutangazwa kwa idara zote. Kuifuta kumbukumbu kubaki hatua ya mwisho kabisa. Ikilazimu, data zitolewe, zikaguliwe na kupakiwa katika kanzidata mpya.

Kuanzia saa hiyo iliyotangazwa, kazi huwa ya wahudumu wa afya. Rejesta za karatasi zilinganishwe na mfumo, kwa kuanza na yale yanayoweza kuua: mzio, dawa zilizotolewa, kundi la damu na majibu ya maabara. Taarifa inayoingizwa upya ibebe saa halisi ya huduma, na ionyeshe kuwa imeingizwa baadaye. Mpaka ulinganisho ukamilike, kabla ya kutoa dawa mgonjwa aulizwe, na kadi yake isomwe.

Nakala rudufu nazo zijaribiwe kwa kurejeshwa mara kwa mara, kabla ya dharura. Zitunzwe kwa siri, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya popote zilipo, hata kwenye diski iliyowekwa kabatini.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aje na kadi kila hudhurio, aseme dawa zinazomdhuru hata kama alikwisha kuzitaja, na asione vibaya akiulizwa tena. Siku ambayo seva imepoteza asubuhi nzima, jibu lake ndilo litakaloziba pengo.