Dagaa wa Kariba: Samaki Mgeni katika Ziwa Lisilo la Asili

Mkenya anapotaja dagaa, aghalabu humaanisha omena wa Ziwa Viktoria. Mkazi wa Kigoma, kwa upande wake, humaanisha samaki mwingine kabisa, wa ukoo wa sadini wa baharini, asiye na nasaba ya karibu na omena. Kwa hivyo neno hili hubainisha udogo wa samaki na namna anavyoanikwa na kuliwa, wala si ukoo wake. Mfasiri anayekumbana na neno kapenta katika maandishi ya Zambia hana budi kulizingatia jambo hili, kwani kapenta wa Ziwa Kariba ni mzawa wa Tanganyika.

Kariba ni bwawa lililotokana na ukuta wenye kimo cha mita 128 uliojengwa katika Mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Lilianza kujaa mnamo Desemba 1958, na Watonga wapatao 57,000 wakahamishwa kutoka bondeni. Samaki wa mtoni hawakuyamudu maji ya kilindi, ambayo hukaribia mita 97 penye kina kikubwa zaidi. Waliselelea kandokando, na katikati pakabaki ukiwa. Ndipo katika miaka ya 1967 na 1968 kapenta wakaletwa kutoka Tanganyika kwa ndege. Walizaana mno, ingawa wa Kariba hawafikii ukubwa wa wenzao wa Tanganyika.

Uvuvi wenyewe hutegemea tabia ya samaki huyu. Mchana, nuru inapopenya maji maangavu, yeye hujificha chini. Usiku hupanda kuwafuata vijidudu anavyovila. Hata mchana hafiki kilindi kabisa, maana katika majira ya joto tabaka la chini huwa baridi na halina oksijeni. Wavuvi hutumia chelezo cha chuma chenye wavu wa mviringo, ambao huteremshwa na kupandishwa kwa kamba na roda. Taa huwashwa, samaki wakakusanyika, wavu ukainuliwa. Mbalamwezi inapokolea, taa hupoteza mvuto na vyelezo vingi hubaki ufuoni. Mvuvi wa Kigoma aliyezoea karabai asingehitaji kufafanuliwa haya.

Hata hivyo, chelezo, injini na taa huhitaji mtaji. Mtonga wa kawaida, ambaye ardhi ya wazee wake imelala chini ya maji hayo, mara nyingi amebaki na mtumbwi na nyavu za kutega karibu na ufuo, penye visiki vya miti iliyozamishwa. Yamkini hapa ndipo penye uchungu: samaki mgeni alipata ziwa zima, mwenyeji akapata ukingo.

Kapenta mwenyewe hakutosheka na Kariba. Alipita katika mitambo ya umeme, akateremka na Zambezi hadi bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji, lililoanza kujaa mwaka wa 1974, akavuliwa huko pia bila mtu yeyote kumpeleka.