Leso ya Desdemona: Wivu Unapogeuka Ugonjwa

Katika tamthilia ya Othello, iliyooneshwa katika jumba la kifalme jijini London mwaka 1604, William Shakespeare anaonesha ndoa inayoangamia kwa sababu ya leso. Iago, askari aliye chini ya Jemadari Othello, anamnong'oneza mkuu wake kwamba mkewe, Desdemona, ana uhusiano na Cassio. Kisha leso ya Desdemona inapenyezwa chumbani kwa Cassio. Tangu hapo Othello haamini kiapo cha mkewe. Anamuua mkewe, na ukweli unapofichuka, anajiua.

Mwaka 1955 madaktari John Todd na Kenneth Dewhurst waliandika kuhusu wagonjwa wenye imani isiyotikisika kwamba wenza wao si waaminifu, wakaiita hali hiyo sindromu ya Othello. Hata hivyo, jina hilo halimkai vema mwenyewe. Othello alidanganywa na mtu mwingine, na alipooneshwa ukweli alijuta. Mgonjwa hana Iago pembeni yake. Uongo huzaliwa akilini mwake, na kila ukweli anaooneshwa huugeuza kuwa ushahidi mpya.

Wivu wa kawaida si ugonjwa. Mkazi wa Hasamba, mkoani Songwe, ambaye mwenza wake huendesha lori kupita mpaka wa Tunduma, anaweza kuingiwa na shaka simu isipopokewa, na shaka hiyo ikatulia wakizungumza. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Kwa mgonjwa, kila wingu ni gharika: hukagua simu na nguo za ndani, humfuatilia mwenziwe, humhoji usiku kucha, na humzuia kuonana na ndugu. Hali hii huweza kuambatana na ulevi wa muda mrefu, sonona, magonjwa ya akili yenye njozi, au kudhoofika kwa ubongo uzeeni.

Hatari yake ni kubwa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulionesha kuwa katika mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulijumuisha Songwe ya leo, asilimia 56 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya amwonapo mama mwenye majeraha asemaye ameanguka, amhoji faraghani, mbali na mumewe. Asikubali kutumia maabara kama mahakama ya ndoa. Hata majibu ya VVU yanayotofautiana kati ya wenza hayathibitishi nani amekosa uaminifu, na siri ya mteja ni ya mteja.

Nawe unayeishi na mwenza wa namna hii, usijaribu kumaliza jambo kwa kuapa au kukiri usilolitenda. Kukiri kwa uongo huweza kuzidisha hatari. Akitishia kukudhuru, ondoka kwanza, kisha utafute msaada kituo cha afya au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi yeyote haki ya kumpiga mwenzake.

Tiba ipo: dawa za kutuliza njozi, kuacha pombe, na ushauri wa kitaalamu. Mgonjwa afikishwe hospitalini mapema, kabla mkono haujainuliwa.